Sanduku la Cherehani Lililosema

Mtu waliyemwita Mheshimiwa hakuwahi kushika cheo chochote isipokuwa koti. Lilikuwa koti jeusi lenye vifungo vya shaba na bitana nyekundu ya hariri, na mikono yake ilimfika kwenye kucha, maana lilishonewa mtu mwingine ambaye mpaka leo anaulizia lilikokwenda. Ndani ya koti lile alipewa kiti popote alipoingia. Nje yake alikuwa mtu mwembamba anayeongea sana.

Asubuhi hiyo alikuwa akipita nyuma ya kiwanda cha mikate, pua ikimtangulia, alipomwona kupitia mlango wa bluu fundi cherehani, mama mmoja mjane, akifungua sanduku la mbao la cherehani. Ndani hamkuwa na cherehani. Kwenye kifuniko palifungwa skrini, chini yake kibodi ya vitufe vilivyotoka kwenye mashine mbalimbali zilizokwisha kufa, na ubavuni lilibaki gurudumu la cherehani. Mama alilizungusha kidogo. Skrini ikawaka, na sauti ya mwanamume ikakwaruza: "Umeamka, mke wangu? Haya, kazi."

Mheshimiwa akasahau mikate.

Aliingia, akakaribishwa kiti cha wateja ng'ambo ya meza, akasimuliwa yote. Marehemu alikuwa fundi redio. Kompyuta ile aliiunda kwa mabaki, akaitia kwenye sanduku lenye mpini ili mkewe atembee nayo na vipimo vya wateja. Sauti aliirekodi kwa utani tu. Sasa mama aliiwasha kila alfajiri, hata siku asizokuwa na nguo ya kushona, kwa kuwa sauti ile haikubaki mahali pengine popote.

Mtu mwingine angeaga hapo. Mheshimiwa alitoa leso, akafuta macho makavu, akaanza habari ya maonyesho ya wavumbuzi. Yeye, alisema, alikuwa mjumbe wa kamati. Wangeichukua siku moja tu, jina la marehemu lisomwe mbele za watu, na jioni sanduku lirudi.

Jina kusomwa mbele za watu lilimwingia mama. Akamtazama kuanzia kola mpaka kucha.

"Baba, utasimama huko na mikono hiyo ya koti?"

"Ina nini, mama?"

"Imekumeza vidole. Liache nikupunguzie. Wewe uende na changu, mimi nibaki na chako."

Mheshimiwa alisita kama mtu anayeombwa figo. Lakini alikumbuka kwamba mwenye duka la simu alikuwa na pikipiki nyekundu, na pikipiki huzaa makoti. Akavua. Akaomba aoneshwe tena namna ya kuwasha, na kutoka kitini pake aliona vizuri kabisa: gurudumu linakwenda mbali naye. Yaani linasukumwa. Akaliweka hilo kichwani, akabeba sanduku.

Mwenye duka la simu alipenda vitu vya wenzake kuliko vyake. Mheshimiwa alimnong'oneza kwamba kompyuta ya namna ile haijawahi kuonekana, kwamba aliyeiunda hayupo, na hakuna wa kumzuia mtu mwenye duka kusema ameibuni mwenyewe. Tajiri alimeza mate, akaweka ufunguo wa pikipiki mezani, akaita wateja waje washuhudie uvumbuzi wake.

Mheshimiwa akasukuma gurudumu.

Kila aliyewahi kushona anajua gurudumu la cherehani huvutwa kuja kwako. Ukilisukuma, uzi unajisokota. Marehemu alijua mkono wa mkewe hautakosea hata akiwa na usingizi. Lakini Mheshimiwa hakuwahi kushona hata kifungo, na kile alichokiona kikienda mbali naye kilikuwa kikimwendea mama.

"Jamani, nisikieni," sanduku likasema. "Anayenizungusha si mwenyewe. Kwetu ni kwa fundi cherehani, mlango wa bluu, nyuma ya kiwanda cha mikate."

Akasukuma tena. Likarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Akasukuma kwa mikono miwili, nalo likaendelea bila kukoma, likasikika mpaka kituo cha mabasi. Wateja waliangua kicheko, wakamuuliza tajiri kama uvumbuzi wake umeoa kwa fundi cherehani. Tajiri akanyakua ufunguo wake na kumwamuru bawabu wake amsindikize mwizi huyu mpaka kwenye huo mlango wa bluu, asimwachie njiani.

Wakavuka mji mchana kweupe, Mheshimiwa na shati lake, sanduku likitangaza anwani, na watu wakimwonesha njia ambayo hakuiuliza.

Mama alilipokea, akaliweka mezani. Akalivutia gurudumu kwake. Sanduku likanyamaza, kisha likasema taratibu: "Umeamka, mke wangu? Haya, kazi."

"Jina lake limesomwa?" akauliza.

"Jina sijui, mama, lakini sauti yake mji mzima umeisikia," bawabu akajibu, akicheka.

"Basi ahsante, baba. Umetimiza."

Mheshimiwa akaomba koti lake kwa sauti ndogo. Mama akanyanyua kutoka kwenye meza ya kushonea ala nyeusi ya kuvalisha sanduku, yenye vifungo vya shaba na hariri nyekundu ndani, akalivisha. Ilikaa sawasawa.

"Nilipunguza mikono," alisema, "halafu mkasi ukanoga."

Mheshimiwa alitazama kiti cha wateja, lakini hakukaribishwa. Alipogeuka kutoka, bawabu, ambaye miaka yote alikuwa akimfungulia mlango wa duka na kumwinamia, alikuwa amejaa mlangoni akilistaajabia sanduku.

"We kijana," bawabu akamwambia, "pisha hapo, unanizibia sanduku."