Hotuba ya Kumzika Marehemu wa Ghalani Kabla Mpelelezi Hajafika

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika, waheshimiwa madiwani, ndugu wakuu wa idara, mnaokaimu wakuu wa idara, na mnaowakaimu wanaokaimu, mapadri na wachungaji, mzee wetu Masanja, mwakilishi wa wafugaji, wananchi wa Sumbawanga, wageni wa kutoka Mtowisa na Kabwe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Meza kuu inajipigia zaidi.)

Mimi Evans, Mratibu wa Kamati Maalumu ya Katuni, Gemu na Vifo vya Kubuni, nasimama kwa unyenyekevu ambao watu wengi wameusifu, kuzindua anime, yaani katuni ya mtindo wa Kijapani, ya kwanza ya Ufipa, inayotokana na gemu la simu ambalo binti yetu Leonia amelihangaikia miaka mitatu, ambamo mtunza ghala la mahindi anakutwa amekufa juu ya magunia, mlango umefungwa kwa ndani, watu wana macho kama sahani na nywele za zambarau, damu ni ya buluu, na mchezaji anamtafuta muuaji kati ya wanne: mfugaji, mvuvi, dalali wa mahindi na ofisa kutoka Mbeya. (Vijana nyuma: "Poa sana!" Vigelegele.)

Kamati iliposikia habari za gemu hilo ilikaa vikao ishirini na sita vya kimkakati, na papo hapo tukabaini kwamba maiti inalala ghalani vipindi vyote kumi na viwili vya anime, jambo ambalo, ndugu zangu, hapa kwetu ni aibu, msiba ni wa watu wote. Hivyo tukaelekeza marehemu azikwe kipindi cha kwanza, na ghala lipigwe deki wapate kulala wafiwa. Mpelelezi anashuka kwenye basi siku ya nne, anakuta matanga yameanuliwa na sakafu inang'aa. (Mzee Masanja: "Hapo sawa! Mtu azikwe kwanza.")

Aidha, kwa kuzingatia utawala bora, washukiwa wote walitakiwa kuleta barua za watendaji wa vijiji vyao, na nina furaha kuwatangazia kwamba wote wanne wameleta, zina mihuri, ni raia wema. Muuaji kwa hiyo hayupo, na uchambuzi yakinifu umethibitisha kwamba marehemu alifariki kutokana na kifo. (Kicheko kirefu. Mratibu anapunga mkono.) Utekelezaji umefikia asilimia tisini na moja, ambapo sabini ni vikao, ishirini ni chai, na moja ni tathmini ya chai.

(Leonia anasimama: "Shikamoo, Mheshimiwa. Studio ya Dar es Salaam iliyokubali kuitengeneza anime inataka barua ya kamati kabla ya saa kumi leo. Nikikosa, nafasi yangu anapewa mwingine. Sasa ni saa tisa na nusu. Naomba sahihi tu.")

Marahaba, binti yangu, kaa. Haraka haraka haina baraka. Kalamu ninayo, ila kiitifaki siwezi kusaini huku nahutubia. (Sauti: "Basi maliza, Mheshimiwa!") Namalizia, na katika kumalizia nina mambo tisa, yenye vipengele. (Miguno. Mama mmoja, Kristiana, anamshika Leonia bega. Vipengele vinaendelea.)

Sasa tuamke! Katuni oyee! (Oyee, ya watu wanne.) Maiti wa Ufipa, azikwe mapema! Mpelelezi mwenye kibali, taifa lenye amani!

Mwisho kabisa, kwa kuwa naona ni saa kumi na robo, namshukuru sana Leonia kwa uvumilivu wake, na Jumatatu afike ofisini kujaza fomu ya kuomba wazo lake lipokelewe, maana mradi huu tunaouzindua leo haujafunguliwa hata jalada. Na ile barua, binti yangu, usiumie, hata ningesaini isingekusaidia: kamati yenyewe haijawahi kuteuliwa, tulikuwa tunazungumza tu tukinywa chai. (Leonia anainama, anaanza kulia.) Nashukuru, naona binti ameguswa. Asanteni kwa kunisikiliza.