Naomba Nirudishiwe Ngurumo ya Gari Langu

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa wa Wafinyanzi,
Rishton.

Mzee wetu Sobirjon,

YAH: GARI LANGU KUPONYWA BILA RIDHAA YANGU

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama wa nyumbani kwako, na goti lako la kushoto ambalo nasikia limeanza kukubali ngazi. Mimi ni Turgunboy, mfinyanzi wa bakuli za buluu, mwenye lango la kijani. Sijawahi kuisumbua ofisi yako. Hata jogoo wako alipomaliza miche yangu yote ya nyanya nilinyamaza, na bado nimenyamaza. Lakini hili la sasa limenishinda, na ninalileta kwako kwa heshima na taadhima: shemeji yangu Hikmat, mdogo wake mke wangu, amelitengeneza gari langu, na limepona.

Gari langu unalijua, mtaa mzima unalijua. Ni kile kigari cha mizigo cha zamani ambacho sailensa yake ilikuwa juu. Kwa wasioshinda gereji, maana yake ni hii: gari likiwa limewashwa na limesimama, mguu hauko kwenye mafuta, linatakiwa lingurume taratibu. Langu halikuwa na habari hiyo. Lilikuwa linasimama pale pale likipiga kelele kama linapanda mlima, na ukiachia klachi linaondoka lenyewe kabla hujaamua. Tumeishi hivyo miaka mingi, mimi nalo, bila kugombana.

Si kwamba sikulitibu. Mama yangu alilifukizia isiriki, yale majani yetu ya kufukuza husuda, akalizunguka na moshi mpaka akakohoa. Sailensa ikapanda. Jirani Ikrom akasema tatizo ni petroli ya siku hizi. Mimi mwenyewe, kila lilipozimika kwa baridi, nilikuwa nakaza ile skrubu ya kabureta kidogo, na majira ya baridi hapa kwetu hayaishi, kwa hiyo vile vidogo vilikuwa vingi.

Ndipo Hikmat akaja kula sikukuu ya Navruz. Hakuna aliyemwomba, akafungua boneti. "Shemeji, hili gari au mashine ya kusaga?" Akachungulia choki, akaona inafunguka vizuri. Akatikisa waya wa mafuta, akaona haujabana. "Basi kuna mahali linavuta hewa ya wizi," akasema, na akanituma maji kana kwamba mgeni ni mimi. Gari likiwa linawaka, akaanza kuinyunyizia mipira yote, mmoja baada ya mwingine, huku ametega sikio. Alipofika kwenye ule mpira mnene unaokwenda kwenye breki, ngurumo ikashuka ghafla, halafu maji yalipokauka ikapanda tena.

"Umeona? Umepasuka, maji yaliuziba kidogo! Ndiyo maana na breki yako ngumu kama mkate wa wiki iliyopita."

Nikamwambia breki ngumu inajenga miguu. Akacheka mpaka akajishika kiuno, mbele ya dada yake. Akafunga mpira mpya, akalegeza skrubu niliyoikaza miaka yote ile, na gari likanyamaza. Nilidhani limekufa. Hikmat akachukua bakuli la chai, tena nililolifinyanga mwenyewe, akaliweka juu ya boneti, na chai haikutikisika. Watu wakapiga makofi. Aliyeuona msiba nilikuwa mimi peke yangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nasikia. Mzee, unajua desturi yetu: ukipita langoni kwa mtu, anasema "Karibu chai," nawe unaweka mkono kifuani, unashukuru, unakwenda zako. Miaka yote niliona midomo tu ikichezacheza, nikawajibu wote kwa honi. Asubuhi ya kwanza baada ya gari kupona, Ikrom akasema, "Kaka Turgun, karibu chai!" Mwenzako nikaona nimealikwa. Nikazima gari, nikaingia. Chai yenyewe haikuwapo, na mkewe ilibidi aazime mkate kwa kupitia ukutani. Nilipotoka, jirani wa pili akanikaribisha, nikaingia. Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza upande wote wa kushoto, bibi mmoja amechinja kuku anayetaga, na udongo wangu umekaukia kwenye gurudumu. Sasa watu wakiniona wanakimbia, ila wanachelewa kwa sababu hawanisikii nikija. Juzi Ikrom alijificha nyuma ya ng'ombe wake. Nikamsalimia ng'ombe, Ikrom akaitikia.

2. Bakuli hazivunjiki tena njiani. Zamani mtikisiko ulikuwa unapunguza mzigo, nawahi kurudi kutoka sokoni nikiwa na sababu. Sasa zinafika zote, na inabidi niziuze zote.

3. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Zamani nikifika kona ya mwoka mikate, mke wangu alikuwa amekwisha kufungua lango, na nikiingia nakuta chai imemiminwa. Sikuwahi kumshukuru kwa hilo. Ningemshukuru vipi, na kelele ile? Lakini ndicho kitu nilichokuwa nakiwaza tangu nakunja turubai la biashara. Sasa nafika na lango limefungwa. Nasimama nje ya nyumba yangu kama msomaji wa mita ya umeme. Inaniuma, mzee, sikufichi. Mtu anazeeka akijua kuna mahali anasubiriwa, halafu anakuja mtu na spana anamwondolea.

4. Kutokana na namba tatu, nimeingia kwenye aibu. Adabu zetu unazijua kuliko mimi: mume haiti jina la mkewe kwa sauti barabarani. Anaita jina la mtoto wao mkubwa, na mama ndiye anayeitika. Basi nikagonga lango, nikaita, "Farrukh!" Farrukh wetu yuko Tashkent, ana watoto wake. Nikaita tena. Akatokea Farrukh wa mwoka mikate, akaniuliza nataka mikate mingapi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu subira ikaniisha, nikajikuta nimeita, "Sanobar!" Barabarani, jua linawaka, watu wazima wanasikia! Akina mama waliokuwa wanafagia wakabaki wameshika mifagio. Lango likafunguka pale pale, na mimi nikaingia nikiwa natazama viatu vyangu. Tangu hapo halifunguki mpaka niite jina hilo. Siku hizi jioni ikifika watu wanatoa viti nje.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako imwamuru Hikmat aurudishe ule mpira uliopasuka mahali pake. Anao, anatembea nao kwenye nyumba za chai akiwaonyesha watu. Skrubu nitaikaza mwenyewe, mkono wangu unaijua. Akikataa, magari yote ya mtaa yapandishwe sailensa ili langu lisione aibu, tuanze na lako, kisha twende mpaka mjini na ikibidi mkoa mzima. Hilo nalo likishindikana, ofisi iniwekee mtu juu ya paa langu, apulize karnai, lile tarumbeta letu refu la harusi, kila jioni nikikaribia kona. Mkaaji wa paa nitamlisha mimi.

Nisalimie wazee wote wa kamati. Nisalimie na fundi tanuri, binti zako, na wakwe zako wa Margilan. Hikmat usimsalimie, mwambie tu nimeandika.

Wako mtiifu katika ujirani,
Turgunboy, mfinyanzi.

Nyongeza: Mzee, niliileta barua hii ofisini, nikaambiwa umekwenda kwa daktari wa goti, nikarudi nayo. Nimefika nyumbani gari likiwa kimya kama ulivyosikia. Kabla sijashuka kugonga, nikamsikia mke wa Ikrom nyuma ya lango langu akisema, "Shoga, mumeo huyo kafika. Hufungui?"

Sanobar akamjibu, "Nimemsikia tangu kona ya mikate, masikio yangu mazima. Chai nimeshamimina. Hebu nyamaza wewe. Miaka yote ananijia kwa kunguruma, na jina langu nilidhani amelisahau. Mwache aite."

Maombi yangu yote nayafuta. Mpira uliopasuka Hikmat autupe mferejini, na yeye mwenyewe nisalimie sana. Barua nitaileta hata hivyo, kwa kuwa nimeiandika kwenye karatasi nzuri. Haya ya mwisho nayaandikia juu ya usukani, injini inawaka, na mwandiko haujatikisika. Watu wameshatoa viti. Niwie radhi, mzee, nashuka kuita.