Kuzinduliwa kwa Mlango wa Wakili wa Viza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ana udhuru na amenikaimisha. Katibu wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo. Stekiholda wote wa safari na uhamaji. Wazee wetu mliosimama juani kwa sababu viti vilivyoletwa ni vya meza kuu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Ndugu wananchi, tulitangaziana saa tano na sasa ni saa saba, jambo linaloonyesha wazi kwamba maandalizi yalikuwa ya kina. Kwa miaka mingi mwananchi mwenye swali la viza amehangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia: anamuuliza shemeji yake, shemeji anamuuliza kinyozi, kinyozi anamwambia tafuta wakili wa uhamiaji, na wakili mwenyewe hajulikani anakaa wapi wala anatoka saa ngapi. Ofisi yangu haikulala. Tulifanya utafiti shirikishi, tukawahoji watu kumi na wanane, na asilimia mia moja na nne kati yao walisema wana swali. (Minong'ono. Mwalimu mmoja wa hesabu anavua miwani na kuifuta.)

Ndipo, kupitia mpango mkakati, warsha tatu na semina moja elekezi, tukazaa projekti hii mnayoiona nyuma yangu: Kituo Jumuishi cha Wakili wa Viza, chenye mlango wa kisasa wa mbao ngumu, kitasa kinachong'aa, na kibao kilichoandikwa WAKILI YUMO. Naomba msiusukume, rangi haijakauka. (Makofi ya meza kuu.) Pia tumechapisha kijitabu chenye maswali arobaini yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia viza ya masomo hadi ya kumfuata mwenzi, na yote yamepangwa kwa herufi na kupewa namba. Majibu yako kwenye awamu ya pili. (Kicheko kidogo, kinakatika.)

Sasa niwaonyeshe mfumo unavyofanya kazi, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Mama huyu hapa mbele, mwenye tepu ya kupimia shingoni, ni mshonaji, na amekuwa hapa tangu saa mbili asubuhi, kwa hiyo tumempa hadhi ya mteja wa kwanza. Mumewe anachomelea vyuma nje ya nchi, mwaka wa tatu sasa, na binti yao mdogo anamjua baba kwa simu tu, jambo ambalo ni ushindi mkubwa wa teknolojia. Mama aliomba viza ya kumfuata, akanyimwa kwa kuwa hakuambatisha cheti cha ndoa, na barua ya kumnyima ikampa siku kumi na nne za kukata rufaa. Leo ndiyo ya kumi na nne. Ofisi ya viza iko mtaa wa pili na dirisha linafungwa saa tisa. Swali lake ni jepesi sana: je, rufaa hiyo lazima iwasilishwe na wakili, au anaweza kuipeleka mwenyewe? Kwa utaratibu wetu, mama ameandika swali, amelibana na barua yake ili swali lisitengane na mwenye nalo, na kabla sijaanza kusema amelitumbukiza kwenye sanduku hili la chuma lenye kufuli. Mpigieni makofi. (Makofi. Mshonaji amenyoosha mkono.)

Naona mama ananyoosha mkono kushukuru. Haya, mama, kwa ufupi.

("Mheshimiwa, naomba barua yangu," anasema mshonaji. "Nikienda kule wanataka ile yenyewe, na sina nakala.")

Hoja nzuri, na naipokea. Lakini mama yangu, tusikimbilie mambo. Kwa ajili ya usiri wa mteja, ufunguo wa sanduku hukaa kwa wakili peke yake. Wakili, kama sera inavyoelekeza, atatafutwa mara tutakapojua idadi ya maswali. Na idadi ya maswali, ndugu zangu, itajulikana sanduku likifunguliwa. Fremuweki hii imesifiwa katika warsha zote tatu nilizohutubia. (Mshonaji anaangalia saa ya ukutani mwa duka la jirani. Ni saa nane kasoro dakika tano.)

Usikae chini, mama, simama hivyo hivyo, mpiga picha hajamaliza. Subira yavuta heri. Wewe si mteja wa kwanza tu, wewe ni historia, na wajukuu zako watasoma... Fundi, unatafuta nini hapo?

(Fundi seremala ametoka nyuma ya umati akiwa na bisibisi. Anachuchumaa mbele ya sanduku.)

Fundi, hiyo ni mali ya mradi.

("Hili ni sanduku langu la misumari, Mheshimiwa," anasema fundi bila kugeuka. Anafungua bawaba, anainua kifuniko upande ambao hauna kufuli, anatoa barua na kumpa mshonaji. Kisha anamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeelekeza mtu dukani, kwamba rufaa ya kwanza haihitaji wakili. Mwaka jana alimsindikiza dada yake kwa shida hiyo hiyo. "Dirisha la tatu, mama. Barua yenyewe na cheti cha ndoa. Fomu wanakupa pale pale, ila kalamu hawana." Anachomoa kalamu ya wino sikioni na kumpa. Mshonaji anapapasa mkoba wake, anakiona cheti, anatoka mbio. Umati unampisha.)

Ndugu wananchi, msitawanyike. Mmeshuhudia kwa macho yenu. Mteja mmoja, swali moja, jibu moja, kwa muda wa dakika mbili na nusu. Ufanisi wa asilimia mia moja, na hapo wakili hajapatikana. Akipatikana je? (Vicheko virefu. Mheshimiwa anavipokea kwa kuinamisha kichwa.) Takwimu hizi zitaingia kwenye ripoti yangu ya robo mwaka, sura ya kwanza, na nitaeleza kwa kirefu jinsi nilivyoanza kuwaza jambo hili nikiwa bado mwanafunzi.

(Mheshimiwa anaeleza kwa kirefu. Inafika saa tisa na robo.)

Sasa tuitikie pamoja. Swali lako! (Sauti chache: "Sanduku letu.") Safari yako! (Sauti moja: "Kesho.") Si kesho, ni fahari yetu, someni kwenye karatasi mlizopewa.

Mwisho kabisa, kwa moyo mkunjufu, namshukuru fundi seremala, ambaye bila yeye Kituo hiki kisingekuwepo, kwa kutuazima mlango huu na fremu yake, ambao mteja wake wa duka la dawa anausubiri tangu asubuhi. Wanaopenda kupiga picha na Kituo wafanye hivyo sasa hivi, kwa kuwa Kituo kinapakiwa kwenye mkokoteni. Wale wawili mlioegemea, sogeeni mlango upite.

(Mlango unapita. Nyuma yake ni ukuta wa ghala, mzima, usio na tundu. Fundi anabandua kibao cha WAKILI YUMO na kukikabidhi meza kuu. Mshonaji anarudi akihema, karatasi yenye muhuri mkononi.)

Naam, mteja wetu wa kwanza huyo amerudi! Karibu mama. Bila shaka una swali la pili?

("Hapana, Mheshimiwa," anasema mshonaji. "Nimekuja kumrudishia fundi kalamu yake." Kisha anashika upande wa pili wa mlango, maana mkokoteni umeinama.)

Asanteni kwa kunisikiliza.