Kamba ya Saba

Daraja jipya lilipofunguliwa, watu wenye akili timamu waliona daraja. Injinia aliona duka.

Uinjinia wake wote ulikuwa kofia moja ya manjano, nayo ya kuokota. Asubuhi hiyo mkewe, fundi nguo asiye na cherehani, alikuwa ameshafunga begi. "Leo uje na cherehani, au narudi kwa mama."

Basi akavaa kofia, akamwendea Mama Vyerehani, mwenye duka linalotazamana na mto.

"Shikamoo, mama. Unaziona kamba zile nene zilizoteremka kutoka kwenye nguzo? Ndizo zinazobeba daraja. Kila moja itapewa jina la mtu mzito. Ya saba nimekuwekea wewe."

"Marahaba. Mimi mzito, mwanangu?"

"Uzito wa heshima, mama!"

"Na bila hizo kamba?"

"Hakuna daraja! Ukilitazama vizuri lile, mama, lote ni kamba tupu."

Hapo ulimi ulimponyoka. Mtaani kwao kamba ni uongo pia, na huo ndio ulikuwa ukweli pekee aliousema tangu aamke. Mama alimtazama yeye, akaitazama kofia, akatabasamu.

"Nimekuelewa kabisa. Mnataka nini?"

"Cherehani moja tu. Ofisi inashona bendera za sherehe."

Mama akaingia stoo, akakaa humo kidogo, akatoka akisukuma boksi lililozungushiwa utepe wa gundi pande zote. "Usilifungue njiani, mwanangu. Vumbi linaua mashine."

Injinia alivuka daraja na boksi begani, shingo imepinda, huku akimwonea huruma yule mama. Alimhurumia kweli, ila si kiasi cha kurudi.

Nyumbani alilitua mbele ya mkewe kwa madaha ya mgeni rasmi. Mkewe akachana utepe. Ndani: matofali manne, na juu yake kamba ya manila iliyoviringwa vizuri, ina kikaratasi. *Kamba ya saba. Jina: Injinia.*

Mkewe alicheka mpaka akakalia begi.

"Basi siendi," alisema akijifuta machozi. "Kwa mama nitamcheka nani?"

Kamba ile ipo uani hadi leo, tunaanikia nguo. Ni imara, nawahakikishia kama injinia. Mimi ndiye ninayeanika, na vibanio naviweka kwenye kofia ya manjano.