Nyati wa Mzee Khaemba

Jumatatu, 6 Agosti 1934. Kitale.
Dada yangu Wilkista amefika kutoka Kimilili. Baba hali tena. Uji anautema. Anataka nyama ya nyati tu, kama ile aliyokuwa akiwinda mwenyewe mlimani, kisha ati atakuwa tayari kwenda. Nimelia nikipiga pasi, shati la mgeni wa hoteli likaungua. Lakini kichwa changu hakilali! Nimekimbia kwa Gicheru, karani, kuulizia leseni ya kuwinda. Akasema ya mwenyeji ni rahisi, ya mgeni ni ghali. Nikafurahi: Baba kazaliwa chini ya Elgon, nani mwenyeji kumshinda? Gicheru akacheka mpaka akavua miwani. Mwenyeji ni mzungu mwenye shamba. Mgeni ni mzungu aliyeshuka melini juzi. Na Baba? Baba hayumo.

Jumatano, 8 Agosti.
Mgeni njoo, mwenyeji apone! Hotelini yuko mzungu mwembamba mwenye leseni ya nyati. Nimemwambia mimi ni msasi tangu utoto. (Nyayo ninazozijua ni za matope kwenye shuka.) Kanichukua. Bahati mbaya kamchukua na Kiptanui, msasi wa kweli, na anavyojivuna! Mzungu anataka pembe tu. Kiptanui kasema nyama ataigawa yeye, dobi atapewa kwato. Tutaona. Kwetu, wa kwanza kumtoa mnyama damu ndiye mwenye mnyama, hata akimalizwa na mwingine. Nimeazima mkuki wa Baba kupitia Wilkista. Nimeuviringisha ndani ya blanketi.

Ijumaa, 10 Agosti. Mlimani.
Nimemchoma! Mimi! Nilirusha nimefumba macho, nikapanda mti. Mkuki ukamkwaruza paja. Mzungu akapiga risasi, nyati chini. Nikashuka nikitangaza: damu ya kwanza yangu, nyama ya Mzee Khaemba! Kiptanui akanivuta shati, akaninong'oneza nifiche mkuki. Wivu huo! Jioni akaja Bwana Nyama, mzungu wa serikali anayelinda wanyama. Akaona jeraha, akauliza ni la nani. Nikajibu kwa sauti, nikidhani atanipimia mnofu. Kumbe Mwafrika haruhusiwi kumgusa nyati. Mkuki umechukuliwa. Nyama yote imemwagiwa mafuta ya taa, ikachomwa. Mzungu mwembamba kaniombea, nimeepuka viboko. Ile harufu, Mungu wangu. Baba angeitambua toka mbali.

Jumapili, 12 Agosti. Kimilili.
Nimenunua nyama ya ng'ombe, nimeikausha kwa moshi, nimemwambia Baba ni nyati. Katafuna polepole sana. Akauliza nani aliyemchoma. Nikasema mimi, kwa mkuki wake. Hilo angalau ni kweli. Akanishika mkono, akasema ng'ombe huyu alikuwa mnene, asante mwanangu. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Jumamosi, 18 Agosti.
Baba alituacha Jumatatu. Tumezika, tumenyolewa. Wazee waliulizia mkuki wa marehemu, wanikabidhi mbele ya watu. Nikasimama mikono mitupu. Inaniuma.
Lakini nimepata njia! Uenyeji wamenikatalia, basi. Kesho navuka mpaka hadi Mbale, nilale huko kidogo, kisha nirudi kwa Gicheru kuomba leseni, sanduku mkononi. Mgeni! Baba atapata nyati wake. Kiptanui, aliyekuja kutupa pole, kauliza kwa upole nyati ni wa nani sasa, na mlaji hayupo. Nimemwambia asinikatishe tamaa, anitafutie sanduku.