Nani Anawaficha Vijana wa Toledo?

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua pepe kutoka kwa Bi. Trautman, mkuu wetu wa kanda. Jumamosi atakuja kula chakula cha jioni hapa Toledo, aone kwa macho yake kama tuna wateja wa chini ya miaka thelathini. Asipowaona, tawi letu la migahawa ya Mjomba Hobart litafungwa kama yale ya miji jirani ya Lima na Findlay. La Lima sasa ni maghala ya kukodisha. La Findlay wanaosha magari.

Sikubali. Nimekuwa meneja hapa tangu binti yangu Maren alipokuwa anakaa kwenye kiti cha watoto. Leo ana miaka ishirini na tatu na hakanyagi mgahawa wa baba yake hata kwa chai.

Mchana nimepita meza zote. Kijana kuliko wote alikuwa Bwana Huff, miaka sabini na moja, aliyekuja na kuponi na kuomba supu yake ichemshwe tena. Hao vijana wako wapi? Mji huu una chuo kikuu kizima! Watu hawayeyuki. Kuna mtu anawachukua, na ninamjua: Randall Pruitt, meneja wa mgahawa wa Ranchi ya Delmar, ng'ambo ya maegesho yetu. Juzi alinipungia mkono huku anatabasamu. Kwa biashara ya siku hizi mtu anatabasamia nini?

Deneen, mhudumu wangu mkongwe, akasema labda vijana hawana hela. Nikamtazama vizuri. Kwa nini anamtetea Pruitt?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kupeleleza. Nilivaa kofia ya uvuvi na miwani ya kusomea ya Deneen. Sikuona mbele, nikagonga mlango wa Delmar kwa paji la uso. Hakuna aliyenitambua.

Nikaagiza kitunguu kizima cha kukaanga na soda ya kujaziwa bure, nikakaa nikihesabu vichwa. Vyote vina mvi! Bibi mmoja alikuwa amelala. Nikamwuliza mhudumu, kwa sauti ya mtu asiye na nia yoyote, vijana huwa wanakaa upande gani. Akaniuliza vijana gani. Nikaomba kumwona meneja. Akasema meneja katoka kwenda kula mchana.

Meneja wa mgahawa anatoka kwenda kula! Hapo nikajua kuna jambo.

Niliporudi mgahawani kwangu, Deneen akaniambia nimepishana na mteja wa ajabu. Mwanamume mwenye miwani ya jua na koti la mvua, na mvua hakuna. Aliagiza mbavu, hakuzimaliza, akauliza vijana wetu huwa wanakaa upande gani. Akaacha bakshishi nzuri, na akasahau mezani kadi ya benki yenye jina la Randall Pruitt.

Mjanja huyo. Anajifanya hana vijana ili nisiwatafute kwake. Kitunguu hakijanikaa vizuri tumboni.

Jumatano, 8 Oktoba

Kikulacho ki nguoni mwako! Nimeugundua mtandao, na mwanangu yumo.

Jioni nilimwona Maren akitoka dukani na mfuko wa vitunguu. Mfuko mzima! Msichana anayeishi peke yake vitunguu vyote vile vya nini? Nikamfuata taratibu kwa gari, taa zimezimwa. Akaingia kwake. Muda si mrefu wakaja vijana wengine, mmoja na sufuria, mmoja na kiti mgongoni, mwingine na mkate wa mahindi mkononi umefunikwa kitambaa. Nikajibanza nyuma ya mapipa ya taka na kuchungulia dirishani. Walikuwa saba. Wanakula. Wanacheka. Mgahawa wa siri, bila kibali, bila alama ya kutokea wakati wa moto!

Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza natafuta nini mapipani. Nikamwambia ni mambo ya kikazi. Akaenda kugonga mlango wa Maren. Maren akatoka na mwiko.

“Baba, unafanya nini hapo?”

Nikamwambia asinigeuzie maneno, anionyeshe mashine ya kulipia iko wapi.

“Hakuna mashine. Tunakula tu. Kila Jumatano kila mtu analeta kitu. Ingia, dengu bado ni za moto.”

Niliingia, lakini sikula. Meneja wa Hobart hali kwa mshindani. Nilisimama katikati ya chumba nikawauliza wote waziwazi kwa nini hawaji kwangu. Tobin, kijana mrefu mwenye aibu aliyekuwa anazungumza na sahani yake, akasema kwamba baga moja na soda na bakshishi ni chakula chake cha wiki nzima. Binti anayeitwa Anjali akasema kila kitu chetu kinatoka kwenye mfuko wa chakula kilichogandishwa, na mfuko huohuo upo dukani. Mwingine akasema yeye hanywi bia, na akinywa maji wahudumu wanamtazama kama amevunja kitu. Wakasema pia hawapendi kuulizwa kila saa chakula kikoje wakati mdomo umejaa.

Majibu manne, yote yamenyooka. Watu wasio na hatia hawawi na majibu tayari namna hiyo.

Hata hivyo shida haina adabu. Nikamvuta Maren jikoni nikamweleza habari za Jumamosi, kwamba nisipopata vijana nitafungiwa na sijui kazi nyingine. Sauti yangu ikanigeuka kidogo, kwa sababu ya vitunguu. Akaweka mwiko chini.

“Tutakuja wote saba,” akasema. “Kwa sharti moja. Msituimbie.”

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijalala vizuri. Sharti lile linaniwasha. Kwa Hobart mwenye siku ya kuzaliwa huvalishwa kofia ya pembe, wahudumu wote humzunguka wakipiga makofi na kuimba, kisha hupewa aiskrimu bure. Bure! Nani anakataa aiskrimu ya bure mbele ya watu? Ni mtu mwenye jambo la kuficha.

Nimeanza kuupa mgahawa sura ya ujana. Nimeondoa makasia ukutani, na tarumbeta kuukuu, na samaki wa plastiki, nikatundika taa nyekundu yenye maneno UKO HAPA, vijana wapate pa kupigia picha. Bwana Huff akaitazama kwa muda mrefu na kusema anajua yuko hapa, amekuja kwa gari lake mwenyewe.

Nimewaamuru wahudumu wasimwulize mteja chakula kikoje zaidi ya mara moja. Deneen akasema amri hiyo anaisubiri tangu enzi za gavana wa zamani, na kwamba anayeuliza mara nne ni mimi. Uongo mtupu. Mimi huuliza tu kama kila kitu kiko sawa.

Pruitt leo kapita dirishani mara mbili. Ya pili alipunguza mwendo kwenye ile taa. Kesho atakuwa na yake, utaona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pruitt ana taa. Ya kijani!

Jumamosi, 11 Oktoba

Lazima niandike yote, isije ikasemwa vingine.

Bi. Trautman alifika mapema. Mwanamke mwembamba, anakula pai kwanza halafu nyama. Nikamkalisha mahali anapoona mlango. Vijana wakaingia. Saba, kama Maren alivyoahidi, wamechana nywele. Moyo wangu ukapiga kama ngoma ya arusi. Waliagiza sahani tatu za kugawana na maji, pamoja na vijiti vya jibini ambavyo mteja hupewa bure akijiandikisha kwenye programu yetu ya simu. Tobin ndiye aliyejiandikisha. Sikulalamika. Walikuwa wanacheka! Anjali akapiga picha ya taa. Bi. Trautman akaweka uma chini, akaniambia kwamba hajaona meza kama ile katika kanda yake mwaka mzima. Alisema nimempa la kufikiria. Nilitamani kumkumbatia. Nilimjazia soda badala yake.

Ningeishia hapo. Lakini nikaenda kwenye kompyuta kuhakikisha vijiti vya jibini vimeandikwa vya bure, na kioo kikawaka pembe za dhahabu. Programu humtaka mteja aandike tarehe ya kuzaliwa. Tobin alizaliwa tarehe kumi na moja Oktoba.

Leo!

Akili yangu ikaenda mbio. Kwa nini vijana hawa wamekuja siku hii hasa? Kwa nini sharti ni kutoimba, na mmoja wao kazaliwa leo? Na kwa nini Bi. Trautman anatabasamu, mtu ambaye Findlay nzima haikuwahi kuona meno yake? Picha ikakamilika. Huu ni mtihani! Makao makuu wamewatuma. Wanataka kuona kama meneja ataiacha kanuni ya Hobart kwa ajili ya mwanawe. Mimi? Ng'o!

Nikaichukua kofia ya pembe. Deneen akanishika mkono akasema, “Bosi, nilimsikia binti yako kwa masikio yangu alipoingia, akisema wasiimbiwe. Usifanye hivyo.”

Naye yumo! Nikaanza kupiga makofi peke yangu. Wahudumu wakafuata, kwa sababu wamezoea. Tukaizunguka meza ya wale saba. Tobin aliponiona nakuja na pembe akawa mweupe kama sahani, akateleza polepole kwenye kochi hadi zikabaki nywele tu. Nikazivalisha nywele. Tukaimba beti zote, na ule wa kupiga miguu sakafuni. Bwana Huff akasimama kupiga makofi. Watu wote wakageuka. Tobin akatoka chini ya meza upande wa pili, akapita jikoni na kutokea mlango wa kupokelea mizigo, pembe bado kichwani.

Vijana wakaomba maboksi ya kubebea. Hakuna aliyenipigia kelele. Maren alisubiri wenzake watoke.

“Baba, nilikuomba jambo moja tu.”

Nikamwambia kwa kunong'ona asihofu, tumefaulu mtihani. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akalipa, akaacha bakshishi, akaondoka. Aiskrimu ilikuwa inayeyuka mezani.

Nikaenda kwa Bi. Trautman kupokea pongezi. Akaniuliza mtihani gani. Nikamkonyeza. Akasema yeye hakumtuma mtu. Akamalizia nyama yake bila haraka, akavaa koti. Mlangoni alisimama chini ya taa yangu, akaisoma, akatikisa kichwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tunafungwa mwisho wa mwezi. Barua pepe ina mistari minne, na mmoja ni wa kunishukuru.

Nilikwenda kusimama kwenye maegesho. Pruitt naye alikuwa amesimama upande wake. Delmar nao wanafunga. Pande zote mbili zitakuwa maghala ya kukodisha, ya kampuni moja. Akanisogelea, akasema kwamba wiki nzima aliamini vijana wote wako kwangu. Akanyoosha mkono, nikaushika, na kusema kweli macho yake yalikuwa mekundu. Akaniuliza nitafanya nini sasa. Nikasema sijui. Akasema naye hajui. Tukasimama hivyo, wanaume wawili wenye beji za majina vifuani.

Ila nimejiuliza: mtu asiye na mpango anakuulizia mpango wako wa nini?

Jumatano, 15 Oktoba

Maren alipiga simu. Nilidhani amekasirika. Akasema kila mtu analeta kitu, na mimi nilete chochote nilicho nacho. Nikaleta mfuko wa vijiti vya jibini kutoka kwenye friji tunayoimaliza.

Nilimwomba radhi Tobin mlangoni, mbele ya wote. Akasema yamekwisha, akanipa kiti chake, akakaa sakafuni. Sakafuni! Vijiti vya jibini viliisha kabla ya dengu. Walinisimulia habari za kazi zao, kodi za nyumba zinavyopanda, bosi wa Anjali anavyojisemesha mwenyewe. Nikawasimulia siku karai la mafuta lilipowaka na Bwana Huff akakataa kutoka bila supu yake. Walicheka mpaka mmoja akatokwa machozi. Nilikula sahani tatu, nimekaa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokula nimekaa, bila kutazama mlango. Nilifurahi, naandika tu kama ilivyokuwa. Niliwauliza mara tano kama kila kitu kiko sawa, na kila mara wakasema kiko sawa.

Wakati wa kuondoka Maren akanifungia dengu za kesho, akanishika bega, akauliza kama nitakuja tena Jumatano ijayo.

Nimekaa hapa nikilichambua jambo hili. Hakuna kuponi. Hakuna bakshishi. Hawakuniomba hata nijiandikishe. Nimefanya biashara ya chakula maisha yangu yote na najua jambo moja: mtu akikulisha bure mara ya pili, kuna anachokitaka kwako.

Nimemwambia nitakuja. Nitakwenda Jumatano hiyo, na ile nyingine, na zote zitakazofuata, mpaka nijue ni nini.