Munyemana na Shina la Mwisho la Majani ya Kivu

Nyamazeni, enyi wa Kamembe, nanyi mvukao daraja la Rusizi ya Pili na mabeseni kichwani. Shusheni mizigo, msikie vita vya Munyemana, shefu wa mtaa wetu, Simba wa Usafi, Mfyekaji wa Kila Kimeacho.

Ilitangazwa kwamba Bella, mtaalamu wa ziwa, angekuja Jumatatu kupima afya ya majani yaotayo chini ya maji ya Kivu, mahali samaki watagapo. Munyemana, ambaye hajapata kupokea mgeni pachafu, akaita umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, Jumamosi, akanyoosha mkono kama jemadari, na jeshi la majembe likaingia majini. Kufikia adhuhuri ufuko uling'aa kama kichwa chake.

Bella akaja, akashusha majini fremu yake ya mraba ya kuhesabia majani, akachungulia. Mchanga mtupu.

"Majani iko wapi?"

"Tulisafisha yote, Madamu!" akanguruma shujaa. "Ni juu ya kukupokea!"

"Nilikuja kupima hayo majani! Kama hakuna hata shina moja na mizizi yake, nitaandika ziwa hapa imekufa, na batafunga huu ufuko."

Hapo akainuka Mukabalisa, mfua nguo alishaye wanawe kwa ufuko huo, povu likimtiririka viwikoni. "Papa Munyemana, bakifunga, nguo za bantu nitafulia wapi? Mu salon ya nyumba yako?"

Shujaa akapauka. Akaligeukia rundo la majani yaliyong'olewa. Ole, lilikuwa limekwisha kuzama tumboni mwa mbuzi wa mama jirani, Nzigire, na shina la mwisho lilining'inia mdomoni mwake, mizizi nje. Wakatazamana, majemadari wawili wenye ndevu. Munyemana akashika mizizi, mbuzi akang'ata majani; vumbi likatanda, kiatu kimoja kikapotea hata leo.

"Achia mbuzi yangu!" akalia Nzigire. "Iko na mimba!"

"Na mtaa iko na hatari, Maman!" akajibu shujaa, akavuta, akaanguka chali majini, mkono ukiinua juu shina lililotafunwa nusu.

Bella akalikagua. "Mizizi ni mizima. Muipande. Nitarudia kupima kisha mvua kupita."

Basi ufuko haukufungwa. Shina likapandwa kwa hotuba ndefu, likazungushiwa uzio wa mianzi, nasi tukapiga makofi kwa ziwa lililookolewa.

Mukabalisa peke yake hakupiga. Alinyoosha kidole kwenye bomba litokalo majumba ya wakubwa kilimani, linalomwaga uchafu mweusi kando ya uzio. "Na hii, Papa?"

Simba wa Usafi akalitazama bomba, akatazama kilimani, akakohoa.

"Hiyo ni safi," akasema. "Haina hata jani moja."